Bei ya Kujiona Ndani ya Bede

Mimi Kifaransa nilikisoma kwa franka 50. Ndiyo bei aliyokuwa anatoza mzee mmoja wa vitabu vya mitumba pembeni ya soko kuu la Bujumbura. Unalipa, unachuchumaa hapohapo, unasoma bede moja mpaka mwisho, na ole wako ulambe kidole kugeuza ukurasa. (Bede ndivyo tunavyoziita huku hadithi za picha. Ndugu zetu wa Tanzania husema katuni.) Ukimaliza ukaanza kuirudia kimyakimya, mzee alikuuliza: "Weye mutoto, unasoma ama unakimbia jua?" Sisi tuliovuka Kavimvira kutoka Uvira tukaja kupanga Buyenzi, pesa ya kununua kitabu hatukuwa nayo. Ya kuchuchumaa ilipatikana.

Soko liliungua tarehe 27 Januari 2013, na masanduku ya mzee yakaenda nalo. Mazoea ya kusoma bede hayakuungua. Lakini siku hizi nikifungua moja nauliza mambo mawili kabla ya hadithi yenyewe: sisi tuko wapi humu ndani, na nani kati yetu ataweza kuinunua?

Hilo la kwanza ni la siku nyingi. "Tintin au Congo" ilianza kutoka mwaka 1930 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, na mwaka 1931 ikawa kitabu. Hergé aliyeichora hakuwahi kukanyaga Kongo. Vitu vingine alivitazama kwenye makumbusho ya Tervuren, vingine alivitoa kichwani mwake na kwa wakubwa wake. Na Warundi wasiniambie hayo ni ya Wakongomani peke yao: tangu 1925 Ubelgiji ilikuwa imeunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo, na mji huu ukiitwa Usumbura. Mtoto wa Kibelgiji aliyesoma kitabu kile alikuwa anafundishwa kututazama sisi sote.

Ndani yake watu weusi wanaongea Kifaransa cha kuvunjikavunjika, wanaanguka, wanalia, wanamsujudia kijana na mbwa wake. Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 kitabu kilichorwa upya na kutiwa rangi, na lile somo likageuzwa kuwa hesabu za kujumlisha. Yaani ilijulikana mapema kwamba kuna kitu kinanuka.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya kifaru. Kuna ukurasa Tintin anamtoboa kifaru mgongoni, anamtia baruti, anamlipua. Mwaka 1975 wachapishaji wa nchi za Skandinavia walisema watoto wao hawawezi kuona ukatili kama huo. Ukurasa ukachorwa upya, kifaru akatoka mzima. Sasa sogea mbele. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels akitaka kitabu kizuiwe kwa ubaguzi wake. Mwaka 2012 mahakama ikakataa, na kwenye rufaa akashindwa tena. Mimi mwenyewe sitaki kitabu kipigwe marufuku. Nataka kila mtu akione. Ila hesabu ya wenye biashara hii nimeielewa: kifaru alisikilizwa, na hata wakili hakuhitaji.

Wenye kujichora wenyewe hawakukosekana. Kinshasa mwaka 1968 lilizaliwa gazeti Jeunes pour Jeunes, likiongea Kifaransa na Kilingala cha mitaani, lenye polisi wake Apolosa anayechekesha. Halafu kuna Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 1959. Kwa Kiswahili jina lake ni ile ile iliyomlipua kifaru, na mimi nasema alistahili. Mwaka 2014 alichora "Madame Livingstone", akiandikiwa maneno na Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi ni ya ziwa letu, Tanganyika, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Rubani Mbelgiji anatumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni mtu chotara anayevaa sketi ya Kiskoti, anayejiita mtoto wa Livingstone. Mtu huyo anajua mambo, ana hasira, ana mzaha. Nilipokiona nilikaa kimya muda mrefu.

Maana meli hiyo naijua. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa saba 1916, wakaipaka mafuta mitambo kwanza ili siku moja irudi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena ikiitwa Liemba. Ndiyo iliyobeba Warundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma, Mei 2015. Kati ya mnaosoma ukurasa huu wamo waliolala kwenye sitaha yake.

Basi kitabu chenye meli yenu kiko wapi? Kimechapwa Ufaransa na Glénat, jalada gumu, rangi tupu, kwa bei ya mtu anayelipwa kwa yuro. Hapa Bujumbura nilikisoma cha kuazima, kwa siku tatu. Simlaumu Baruti, mchoraji lazima ale. Lakini biashara hii inatuhesabu kama habari ya kuchorwa. Kama wanunuzi haituhesabu.

Kinshasa walishapata dawa. Mwaka 1990 Mfumu'eto alianza kuuza bede zake kwa Kilingala, kurasa chache, karatasi hafifu, bei ya sokoni. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamume anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika pesa. Watu waliipigania. Karatasi mbaya haikumzuia mtu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, msikasirike. Kambini bede zipo, tena za bure: kunawa mikono, chandarua, kipindupindu. Ni za lazima, kipindupindu kinaua kweli. Ila mkimbizi wa humo hana utani, hana deni, hapendi mtu. Anasikiliza ushauri tu, ukurasa wa mwisho anatabasamu. Kenya, tangu 2010, Shujaaz nayo ni ya bure na inafundisha, lakini kijana wake Boyie anarusha redio ya siri chumbani kwa wazazi wake. Bure haimlazimishi mtu kuwa sanamu.

Jirani yangu hapa Buyenzi ana binti wa miaka 14, anachora kwa bic nyuma ya daftari za shule. Amechora ile safari ya shangazi yake ndani ya Liemba, kurasa 8. Kuna mbuzi aliyepandishwa kwa ujanja, kuna mama anayegombana na baharia kwa sababu ya sufuria. Fotokopi tunaweza kulipia 30. Juzi akaniuliza auze ngapi moja. Nikamwambia franka 500.

"Baba mdogo," akasema, "hiyo nani ataitoa? Waache wasome palepale, kwa 100."