Ukinunua pawa saplai, soma mstari wa volti 12
Unaunda kompyuta yako mwenyewe? Usiangalie wati za jumla tu. Mwaka 1981 pawa saplai ya IBM PC ilikuwa ya wati 63.5, na zaidi ya nusu ilitoka kwenye volti 5, kulisha chipu. Volti 12 kazi yake kubwa ilikuwa kuzungusha mota za diski. Baadaye prosesa zikawa na njaa ya umeme, na ampea nyingi hupasha waya moto. Nguvu ileile kwa volti 12 huhitaji chini ya nusu ya ampea hizo. Ndiyo maana Pentium 4 ilipotoka mwaka 2000, ikaja na plagi ya ziada ya volti 12. Leo prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula hapo. Basi chukua ampea za volti 12 kwenye lebo, zidisha kwa 12. Jibu likiwa chini sana ya wati zilizotangazwa kwenye boksi, iache dukani.