Nozeli ya kuzunguka ya kuchimbia

Nozeli ya kuzunguka ni kichwa cha chuma kinachofungwa mwishoni mwa mpira wa maji ya shinikizo kubwa ili kufukua nyaya na mabomba bila kuvikata. Mchirizi wake huzunguka kwa kasi, hivyo nguvu haikai mahali pamoja. Sururu haina adabu hiyo. Tope hufyonzwa hadi kwenye tangi la lori.

Mbinu hii ilikomaa Alberta, Canada, ambako maji hupashwa moto kuyeyusha ardhi iliyoganda. Karibu na nyaya, shinikizo kwa kawaida halipitishwi bar 170.

Lakini ardhi haigandi kila mahali: Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyokuwa makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa 1933, haina barafu. Kama mbinu hii ingetumika huko, tatizo lingekuwa udongo wenyewe: mchanga hukatika upesi na kingo kuporomoka, mfinyanzi hunata.