Filamu ya kutisha iliyotukanwa, kisha ikawekwa katika hazina ya taifa

Tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 1968, wakaaji wa mji wa Pittsburgh, nchini Marekani, walionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu iliyotengenezwa na vijana wa mji wao. Iliitwa Night of the Living Dead, maana yake usiku wa wafu walio hai. Hakuna kampuni kubwa ya sinema iliyoigharamia. Watu 10 walianza kwa kutoa dola 600 kila mmoja, kisha wengine wakaongeza, mpaka gharama yote ikafika karibu dola 114,000. Kwa sinema ya Marekani, hizo zilikuwa pesa kidogo sana.

Mwongozaji, George Romero, alikuwa na miaka 28. Yeye na wenzake walizoea kutengeneza matangazo ya biashara. Picha zilipigwa kwa rangi nyeupe na nyeusi, katika nyumba moja ya shamba karibu na Evans City. Damu inayoonekana ilikuwa maji mazito ya chokoleti.

Hadithi yenyewe ni fupi. Wafu wanaamka na kula watu. Watu saba wasiopatana wanajikuta ndani ya nyumba moja, wanapigilia mbao kwenye milango na madirisha, na wanasikiliza redio. Kwanza redio inawaambia wabaki ndani. Baadaye televisheni inawaambia watoke, waende kwenye vituo vya msaada. Aliyekimbia vita na kuacha nyumba yake anajua uzito wa habari mbili kama hizo, zinazopingana katika usiku mmoja.

Ndani ya nyumba ugomvi unazuka. Ben anataka wabaki juu na kulinda milango. Harry Cooper anataka wajifungie chini ya nyumba. Wanapigania neno la mwisho kuliko wanavyopigana na adui aliye nje. Mwishowe Ben peke yake anabaki mzima, na anaokoka kwa kujificha kulekule chini alikokukataa. Asubuhi kundi la watu wenye silaha linafika kusafisha eneo. Wanamwona dirishani, wanadhani ni mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Mwili wake unatupwa motoni pamoja na wengine.

Ben alichezwa na Duane Jones, mtu mweusi. Miaka ile ilikuwa nadra kumwona mtu mweusi akiongoza weupe katika filamu ya Marekani. Romero alisema mara nyingi kwamba hakumchagua kwa sababu ya rangi, bali kwa sababu alikuwa mwigizaji bora kati ya waliojaribiwa. Alisimulia pia kwamba yeye na mwenzake walikuwa njiani kwa gari, wakipeleka filamu New York kutafuta mnunuzi, waliposikia kwenye redio kwamba Martin Luther King ameuawa. Ilikuwa tarehe 4 mwezi wa nne, mwaka huohuo.

Wachambuzi wa kwanza hawakuzungumzia hayo. Gazeti la Variety, linalosomwa na wafanyabiashara wa sinema, liliishambulia vikali. Liliona aibu kwa walioitengeneza, kwa walioisambaza, hata kwa wanaopenda kuiangalia. Katika New York Times, Vincent Canby aliipa mistari michache tu ya dharau, akitaja picha zisizo safi na waigizaji walioonekana si wa kazi hiyo.

Roger Ebert wa Chicago aliandika jambo jingine. Aliingia katika jumba la sinema mchana, akakuta limejaa watoto. Wakati ule utaratibu wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Mwanzoni watoto walipiga kelele kwa furaha, kisha wakanyamaza, na wengine wakalia. Ebert alilaumu watu wazima waliowaacha watoto waingie. Wengi walisoma maneno yake kama hukumu juu ya filamu, lakini baadaye alieleza kwamba aliiheshimu. Shida yake ilikuwa kuhusu nani ameketi mbele yake.

Filamu haikufa. Mwaka 1970 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York liliionyesha, na sinema zikaanza kuiweka usiku wa manane. Wachambuzi wapya walirudi kwenye picha za mwisho, zilizotulia kama picha za gazeti: wanaume wenye bunduki na mbwa, na mwili wa mtu mweusi. Waliona humo vita vya Vietnam, na watu weusi waliouawa na makundi ya raia. Mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya filamu ambazo taifa la Marekani linazihifadhi.

Lakini waliotoa jasho hawakupata faida iliyowastahili. Msambazaji alipobadilisha jina la filamu, alama ya haki za wenye kazi ilisahauliwa. Kwa sheria ya wakati ule, hilo lilitosha kuifanya mali ya kila mtu. Wengi waliiuza na kuionyesha bila kulipa chochote.

Kwa Kongo kuna jambo la kushika. Katika filamu neno zombi halitamkwi, lakini dunia nzima sasa inawaita wafu hao kwa jina hilo. Neno hilo lilitoka Haiti, na wataalamu wengi wa lugha wanalihusisha na Kikongo, ambamo nzambi ni Mungu na mvumbi ni maiti. Lilivuka bahari pamoja na watu waliokamatwa na kuuzwa utumwani. Kwao, mfu anayetembea alikuwa mtu aliyenyang'anywa roho ili afanye kazi bila kuchoka.

Waliohukumu mwaka 1968 waliona damu ya chokoleti. Iliwachukua wengine miaka kumwona mtu aliyeokoka usiku kucha, akauawa na wale waliokuja kuokoa.