Kinyago Kidumu kwa Nani?

Wenzetu wa sanaa za maonyesho wanauliza: kinyago cha karatasi na uji wa unga tukipake nini kisiharibiwe na unyevu wa pwani ya Lindi? Vanishi itafaa, sawa. Lakini jamani, historia ina neno. Wamakonde huchonga lipiko kwa mti mwepesi, maana mchezaji hulivaa kichwani kama kofia. Nywele za binadamu hubandikwa kwa nta. Mwaka 1906 Karl Weule alishukia Lindi, akakusanya vinyago vya makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 lipiko liliibwa makumbusho ya Dar es Salaam. Likarudishwa 2010 kutoka Geneva. Mti ulidumu, ila bila mchezaji. Kwa hiyo mimi naona tuchague kwanza wepesi, kisha ugumu: kinyago kidumu kwa atakayekicheza.