Kutoka Shamba la Pamba hadi Ghuba ya Speke: Historia ya Ufuatiliaji wa Uchafuzi wa Maji katika Eneo la Dutwa

Dutwa, wilayani Bariadi, haipakani na Ziwa Victoria; hata hivyo, maji ya mvua yatiririkayo kutoka mashamba yake ya pamba huelekea Ghuba ya Speke. Insha hii inadai kwamba uchafuzi wa ziwa umefuatiliwa zaidi ufukoni kuliko mashambani, na kwamba pengo hilo lina mizizi katika historia ya zao la pamba.

Kuanzia 1955, vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Katika miongo iliyofuata, pembejeo, zikiwemo dawa kama DDT na endosulfani, zilimfikia mkulima hasa kupitia ushirika na mashirika ya umma. Licha ya kasoro zake, mfumo huo uliacha kumbukumbu za dawa zilizogawiwa. Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994, wanunuzi na wauzaji wa pembejeo waliongezeka, na kumbukumbu hizo zikatawanyika.

Wakati huohuo, kuenea kwa magugu maji kulivuta macho ya serikali ufukoni. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, ulioanza 1997, ulipima pia mito, na Mto Simiyu ukatajwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mashapo na virutubisho. Lakini kipimo cha mdomoni mwa mto huchanganya shamba, zizi na mji, hakionyeshi chanzo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliibana DDT, na endosulfani ikaongezwa mwaka 2011. Hata hivyo, katazo lisilo na kumbukumbu za mauzo ni vigumu kulithibitisha.

Athari haziwahusu wavuvi pekee. Dawa isombwayo na mvua hupita kwanza katika malambo na visima vya mchangani, wanakochota watu na kunyweshwa mifugo.

Kwa hiyo, ufuatiliaji uanzie juu ya bonde: mauzo ya viuatilifu yaandikwe kijijini, maji ya malambo yapimwe baada ya mvua za msimu wa kupulizia, na taarifa zifikishwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Kwa kuwa fosforasi husafiri ikiwa imeshikamana na udongo, matuta ya kukinga mmomonyoko yatalinda shamba na ziwa kwa pamoja.