Mmea Mmoja, Chai Sita

Mwaka 1391 mfalme wa China alitoa amri ambayo mpaka leo inaonekana ndani ya birika. Zhu Yuanzhang, mwasisi wa nasaba ya Ming, hakuzaliwa ikulu. Wazazi wake walikuwa wakulima fukara waliokufa wakati wa njaa na maradhi, na yeye mwenyewe ujanani aliingia hekalu la Kibudha, akawa anazunguka vijijini kuomba chakula. Aliposhika madaraka alikuta wakulima wanatumikishwa kila msimu kutengeneza chai ya kifalme: majani yanapikwa kwa mvuke, yanakamuliwa, yanasagwa, kisha yanashindiliwa kwenye kalibu zenye nakshi za joka. Akaona kazi hiyo inawachosha watu bure. Akaamuru ikome, na tangu hapo ikulu ipelekewe machipukizi makavu tu, yasiyoshindiliwa.

Chai ya majani makavu ilikuwapo zamani, hasa kwa watu wa kawaida. Amri ile ndiyo iliyoipandisha hadhi. Mafundi waliokuwa wakihangaika na kalibu sasa ilibidi walitazame jani lenyewe: lichumwe lini, likaangwe muda gani, liachwe linyauke kiasi gani. Katika majaribio ya karne zilizofuata ndipo zilipopatikana nyingi kati ya chai ambazo China inajivunia leo.

Wataalamu wa China huzigawa chai zao katika makundi sita: kijani, nyeupe, njano, oolong, nyekundu na nyeusi. Mgawanyo huo ulipangwa kitaaluma mwaka 1979 na Profesa Chen Chuan wa mkoa wa Anhui, kwa kufuata jinsi kila chai inavyotengenezwa. Msomaji wa Afrika Mashariki ajue jambo moja mapema: majani tunayonunua dukani kwetu, yale ya chai ya rangi na ya maziwa, Wachina huyaweka kwenye kundi la chai nyekundu. Chai nyeusi yao ni kitu kingine kabisa, nitakifikia.

Zote sita zinatokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitenga ni yanayotokea baada ya kuchuma. Jani likishaumia, hewa huanza kulibadilisha, kama ndizi mbichi iliyomenywa inavyogeuka rangi ikiachwa mezani. Fundi akiliwahi kwa moto, linabaki kijani. Akiliacha ligeuke lote, linakuwa jekundu. Akilikatiza njiani, anapata oolong. Kwa maoni yangu, historia nzima ya chai ya China ni historia ya watu kujifunza saa ya kuingilia kati.

Kabla ya amri ile ya 1391 chai ilinywewa kwa namna ambazo leo tungezishangaa. Karibu na Xi'an, ndani ya kaburi la mfalme Jing wa nasaba ya Han aliyefariki mwaka 141 kabla ya Kristo, watafiti walikuta mabaki ya machipukizi ya chai, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 2016. Mwaka 59 kabla ya Kristo, Wang Bao wa Sichuan aliandika mkataba wa mtumwa ambao, kati ya kazi zake, unamtaka aende Wuyang kununua chai. Kwa hiyo zaidi ya miaka 2000 iliyopita chai ilikuwa tayari bidhaa ya sokoni.

Aliyeiandikia kitabu cha kwanza kamili ni Lu Yu, aliyezaliwa mwaka 733, mtoto aliyeokotwa na kulelewa na mtawa wa Kibudha. Kitabu chake, Cha Jing, kinaeleza mmea, vyombo, maji, moto na namna ya kunywa. Enzi zake, chini ya nasaba ya Tang, chai ilikuwa kidonge kilichoshindiliwa, kikibanikwa motoni, kikisagwa na kuchemshwa kwa chumvi kidogo. Wengi walitia pia vitunguu, tangawizi, kunazi na maganda ya machungwa. Lu Yu hakupenda mchanganyiko huo hata kidogo; alibakiza chumvi peke yake. Sisi tunaotia tangawizi na iliki kwenye sufuria tungekuwa upande wa mahasimu wake.

Nasaba ya Song iliyofuata ilipendelea unga. Chai ilisagwa laini, ikamwagiwa maji ya moto bakulini na kupigwa kwa kipigio cha mianzi mpaka itoe povu jeupe. Watu walishindana nani povu lake linadumu zaidi, na kwa sababu hiyo mabakuli meusi ya Fujian yalithaminiwa, maana povu lilionekana vizuri juu yake. Mfalme Huizong mwenyewe aliandika kitabu kuhusu chai mwaka 1107. Miaka 20 baadaye alitekwa na Wajurchen kutoka kaskazini, na akafia kifungoni. Watawa wa Japani nao waliichukua chai hiyo ya unga. Mmoja wao, Eisai, alirudi kwao mwaka 1191 na mbegu za chai. Ndiyo maana macha ya Japani leo inahifadhi unywaji ambao China yenyewe iliuacha.

Baada ya amri ya 1391, chai ya kijani ya kukaanga ndiyo iliyotawala. Mfano wake maarufu ni Longjing, inayolimwa kando ya Ziwa Magharibi, Hangzhou. Majani ya bei kubwa huchumwa kabla ya Qingming, siku ya kuzuru makaburi mwanzoni mwa Aprili, yakiwa bado machanga sana. Huanikwa kwanza yapunguze maji, kisha hutiwa kwenye karai la chuma lililopakwa mafuta kidogo. Fundi hatumii mwiko. Anatumbukiza mkono mtupu, anayakusanya majani, anayabana kwenye ukuta wa karai, anayatelezesha, anayainua na kuyaachia yaanguke. Kiganja ndicho kinachopima joto na unyevu, na kwa kubanwa huko jani la Longjing hutoka bapa, laini, lenye harufu inayokaribia karanga zilizokaangwa. Kilo 4 au zaidi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai. Ukisikia bei yake ni kubwa, kumbuka vidole vya mchumaji na kiganja cha mkaangaji.

Chai nyeupe haipiti karai. Machipukizi yenye manyoya ya fedha, hasa ya wilaya za Fuding na Zhenghe mkoani Fujian, hutandazwa juu ya nyungo, yakaachwa yanyauke taratibu, kisha hukaushwa. Usahili huo unadanganya: hali ya hewa ikiwa mbaya, kazi imeharibika. Chai njano ni adimu kuliko zote. Hutengenezwa karibu sawa na ya kijani, ila katikati ya ukaushaji majani ya vuguvugu hufungwa kwenye karatasi au kitambaa, yakatulia mpaka ukali upungue. Inayojulikana zaidi ni Junshan Yinzhen, ya kisiwa kimoja kidogo katika Ziwa Dongting, mkoa wa Hunan.

Kwa utajiri wa historia, hakuna mahali panapoishinda Milima ya Wuyi, kaskazini ya Fujian. Huko ndiko kwenye kijiji cha Tongmu, ambako wenyeji husimulia kwamba mwishoni mwa enzi ya Ming jeshi lilipita wakati wa kutengeneza chai. Kazi ikasimama, majani yakalala mpaka yakageuka mekundu. Wenyewe wakayakausha haraka kwa moto wa misonobari wakiamini hasara imeshaingia, lakini chai ile yenye moshi ikapata wanunuzi wa Ulaya. Hayo ni masimulizi. Lililo wazi ni kwamba Tongmu ndiko inakotoka Zhengshan Xiaozhong, chai nyekundu inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani, na moshi wa misonobari bado unatumika.

Milima hiyohiyo ndiyo ya oolong za miambani. Majani hunyauka juani, kisha hutikiswa ndani ya nyungo, yakapumzishwa, yakatikiswa tena, usiku kucha, ili kingo zake ziumie na kugeuka nyekundu huku katikati pakibaki kijani. Fundi hunusa akisubiri harufu ya majani mabichi iishe na ya maua ianze; hapo ndipo anapoyapeleka motoni. Oolong mashuhuri ya Wuyi ni Da Hong Pao. Miti mama michache iliyo kwenye jabali ilisimamishwa kuchumwa mwaka 2006 ili ilindwe. Kusini zaidi, wilaya ya Anxi ina Tieguanyin, na Chaozhou mkoani Guangdong ina oolong za Mlima Fenghuang, zinazonywewa kwa vikombe vidogo sana, majani yakimiminiwa maji mara nyingi.

Wasomaji wa Unguja, Lamu na Mombasa watapenda kujua kwamba asumini nayo ina historia yake huko. Mjini Fuzhou matumba ya asumini huchumwa mchana yakiwa yamefumba, na usiku yakichanua huchanganywa na chai ya kijani. Asubuhi maua hutolewa, na siku nyingine maua mapya hutiwa, mara kadhaa, mpaka majani yashike harufu. Hili si kundi la saba; ni chai iliyofukizwa.

Sasa chai nyeusi. Nasaba ya Song ilihitaji farasi wa vita, na farasi wazuri walikuwa nyanda za juu za Tibet, ambako chai haioti. Mwaka 1074 serikali ilianzisha idara ya kubadilishana chai na farasi huko Sichuan. Chai ilishindiliwa matofali ili ibebeke, na njia za milimani zilipokuwa mbaya, wabebaji walikuwa binadamu. Mtaalamu wa mimea Ernest Henry Wilson aliwapiga picha mwaka 1908 wakiwa na marobota yanayopita vichwa vyao. Kila mmoja alishika fimbo yenye kichwa kipana, ya kuegeshea mzigo akiwa amesimama, kwa sababu akiuteremsha chini hawezi kuunyanyua tena peke yake. Watu hao wanastahili kutajwa katika historia ya chai kabla ya wafalme.

Chai ya safari hizo na ya maghala yenye unyevu iliendelea kubadilika kwa kazi ya vijidudu, ikawa nyeusi na laini. Maarufu zaidi ni Pu'er ya Yunnan, inayouzwa kwenye visahani vya gramu 357, saba katika furushi moja, na huhifadhiwa hata miongo kadhaa. Wanywaji wa Hong Kong na Guangdong waliipenda ilivyo kuukuu, ila kusubiri kuna gharama. Mwaka 1973 mafundi wa kiwanda cha Kunming walianza kuyarundika majani, kuyalowesha na kuyafunika kwa wiki kadhaa ili yaive upesi. Kwa hiyo Pu'er iliyoivishwa, ambayo wauzaji wengine huisifu kuwa ya kale, ni chai ya juzi.

Ulaya ilichelewa kuelewa haya yote. Waholanzi walipeleka chai huko mwaka 1610, lakini wageni waliozuiwa kuingia bara waliona makreti tu bandarini. Mwanasayansi Carl Linnaeus aliandika kwamba chai ya kijani na ile ambayo nje ya China huitwa nyeusi, yaani nyekundu ya Wachina, zinatokana na mimea miwili tofauti. Aliyewaondolea Waingereza shaka ni Mskoti Robert Fortune, aliyepenya hadi mashamba ya Anhui na Wuyi kuanzia mwaka 1848 akiwa amevaa nguo za Kichina na kunyoa kichwa. Aliona mmea ni uleule. Aliona pia wafanyakazi wakitia rangi ya buluu na jasi kwenye chai ya kijani iliyokwenda nje, kwa kuwa wanunuzi wa nje walitaka kijani kikolee. Kisha, kwa niaba ya kampuni iliyomtuma, akasafirisha miche, mbegu na mafundi mpaka India. Lilikuwa pigo kubwa kwa wakulima wa China, na halikulipwa fidia.

India ilikuwa na chai yake ya Assam, yenye majani mapana, na ndiyo iliyoshinda kibiashara. Mwaka 1903 mbegu kutoka India zilipandwa Limuru, Kenya. Wajerumani nao waliijaribu Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne hiyo. Mashine ya kukata na kusaga majani iliyobuniwa Assam mwaka 1930 ndiyo iliyotupa punje ndogo tunazozijua, zinazotoa rangi upesi na kustahimili maziwa. Kenya sasa inaongoza duniani kwa kuuza nje chai ya aina hiyo.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji, na hasa wenye viwanda, watazame. Mmea ulioko Kericho, Murang'a, Mufindi na Rungwe ni wa spishi ileile na ule wa Hangzhou na Wuyi. Tumeuzoea kwa kazi moja kati ya sita, tena kwa njia ya haraka ya mashine. Viwanda vichache vya Kenya vimeanza kutengeneza chai ya kijani na ya majani yaliyosokotwa, na mwaka 2011 watafiti wa huko walitoa kwa wakulima aina ya mmea wenye majani ya zambarau. Ni mwanzo mzuri, lakini ni mdogo. Vyama vya ushirika na taasisi za utafiti viwape vijana wetu mafunzo ya kunyausha, kukaanga na kusokota kwa mkono, na wanunuzi wa hapa nyumbani wawe wa kwanza kuionja. Nawe ukipata Longjing au oolong, usiitie maziwa wala sukari kwanza. Kwa ile ya kijani acha maji yapoe kidogo baada ya kuchemka, yamimine, onja, kisha ongeza maji juu ya majani yaleyale, maana bado yana ladha.