Majengo ya Zamani ya Viwanda: Matumizi Mapya na Ulinzi wa Kisheria

Jengo la kiwanda kilichoacha uzalishaji linaweza kupewa kazi nyingine bila kubomolewa, likawa makumbusho, soko au kituo cha sanaa. Mjini Łódź, Poland, kiwanda cha nguo cha Izrael Poznański, kilichojengwa kwa matofali mekundu katika karne ya 19, kilifunguliwa upya mwaka 2006 kikiwa eneo la maduka, makumbusho na burudani. Jijini Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala la Barabara ya Dunga lililokuwa karakana ya magari. Wachoraji, wanamuziki na wacheza ngoma walipata humo mahali pa kufanyia kazi.

Kwa Tanzania Bara, uhifadhi wa majengo ya aina hii unaongozwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa bila kuhitaji tangazo. Viwanda vingi vilijengwa baada ya mwaka huo, hivyo ulinzi wake hutegemea Waziri mwenye dhamana kuvitangaza katika Gazeti la Serikali.

Kwa sababu hiyo, mkazi wa Ipyana wilayani Kyela, kama mwananchi wa kwingineko, anayeona ghala la mazao au jengo la mashine ya kukobolea mpunga lina thamani ya kihistoria, ni vyema aifahamishe Halmashauri ya Wilaya mapema. Jengo likishavunjwa, hakuna tangazo litakalolirejesha.